Mguu wa Nyuma wa Tembo

Tembo alinipita upande wa kulia, karibu kabisa. Ningenyoosha kidole ningemgusa.

Nilikuwa nimekaa kiti cha pembeni, kando ya ujia wa kupita watu, kwenye ukumbi wa Lyceum, London, Jumamosi mchana, kutazama tamthilia ya muziki ya *The Lion King*. Taa zilikuwa zimezimwa dakika mbili tatu tu. Jukwaani jua la vitambaa vya hariri lilikuwa linachomoza, twiga wawili walikuwa wameshajitokeza, na kila mtu alikuwa amenyoosha shingo kutazama huko. Ndipo nikasikia minong'ono viti vya nyuma, kisha nikahisi kivuli. Kugeuka, mguu wa mbele umeshapita. Nikabaki na wa nyuma.

Ulikuwa mguu wa kitambaa, mnene kama gunia lililosimamishwa, wenye mikunjo mikunjo kama ngozi kuukuu. Chini yake ukachungulia mguu mwingine, wa mtu. Ukakanyaga, kisigino kwanza, ukasubiri, ukakanyaga tena. Haukuwa na haraka na mtu yeyote.

Nikainamisha macho.

Sikupanga. Niliinamisha kama mtoto aliyefungua mlango wa chumba asichopaswa kuingia. Nilipoyainua tena, tembo alikuwa ameshafika mbele na ukumbi mzima unapiga makofi, mimi nikiwemo.

Hiyo ni wiki saba zilizopita. Nyimbo zimeshanitoka kichwani, ukiacha ule mmoja ambao msomaji wa Kiswahili hahitaji kutajiwa. Ule mguu haujatoka.

## Nilikwenda nimekunja uso

Niseme ukweli. Nilikwenda kutazama *The Lion King* nikiwa na makala ya hasira imeshaiva nusu. Rafiki yangu alibaki na tiketi moja ya ziada, nikaichukua, na kwenye treni nikaanza kupanga aya: Afrika isiyo na watu, isiyo na nchi, yenye machweo tu. Maneno yetu mawili ya kila siku kusajiliwa Marekani kuwa alama ya biashara mwaka 2003. Kelele za 2018 za kutaka usajili huo ufutwe. Mnayajua yote hayo, na wapo walioyaandika vizuri kuliko ningeyaandika mimi.

Na mwanzoni ukumbi ulinisaidia kukasirika. Sauti ya kwanza kabisa, ule wito unaopasua giza, ilipotoka, mama wa Kiingereza aliyekaa kushoto kwangu, ambaye tulikuwa tumesalimiana na akaniuliza nimetoka wapi, aliniinamia akanong'ona: anasema nini?

Sikujua.

Ni Kizulu. Masikio yangu yalinasa "nyama" ndani ya neno lenye maana ya simba, basi. Nilimwambia hiyo si lugha yangu, akanitazama kama mtu aliyeuziwa ramani isiyo na mji wake. Lakini baadaye kidogo kisasi changu kilikuja. Fisi jike akaitwa kwa jina lake, Shenzi, kwa sauti kubwa, mbele ya watoto, na hakuna aliyeshtuka. Nikacheka peke yangu. Halafu Pumbaa. Fikiria kuishi na jina ambalo ni amri ya kupumbaa! Na malkia, mama yake Simba, anaitwa Sarabi. Jukwaa zima wanamtaja, Sarabi, Sarabi, na nadhani katika safu yangu ni mimi tu niliyejua kwamba wanaita mazigazi: yale maji ya uongo unayoyaona barabarani jua likiwa kali.

Hapo hasira ikapungua kidogo. Jina limekaa vizuri mno kulaumiwa.

## Duma anajilamba

Mtu akiniuliza nilishindwa wapi hasa, nitasema kwa duma.

Nieleze alivyo, maana picha hazimtoshi. Mwanamke amesimama wima. Kiunoni kwake, kwa mbele, ametokeza duma. Miguu ya nyuma ya duma ni miguu ya yule mwanamke mwenyewe. Miguu ya mbele anaiendesha kwa fito mbili mikononi. Kichwa cha duma kimeunganishwa na kichwa chake kwa uzi, kwa hiyo akigeuka, duma anageuka. Akiinamisha shingo, duma anainamisha. Hakuna kilichofichwa. Uzi unaonekana, fito zinaonekana, uso wake umechorwa lakini uko wazi kabisa.

Mara duma akasimama, akainua mguu wa mbele, akaanza kujilamba.

Nilianza kwa kumtazama duma. Kisha nikamtazama mwanamke, nione anafanyaje. Kisha nikarudi kwa duma. Nikajaribu kuwatazama wote wawili, nikaweza, kwa kama sekunde mbili, halafu nikachoka na kuacha macho yaende yanakotaka. Nilipokuja kutanabahi, sikuwa nahesabu tena.

Ndivyo ilivyokusudiwa. Julie Taymor, aliyeliongoza onyesho hili na kubuni mavazi yake, na ambaye vinyago na vikaragosi alivibuni pamoja na Michael Curry, hulisema hilo waziwazi: mtazamaji amwone mnyama na mtu kwa wakati mmoja, asifichwe chochote. Muongo wa 1970 aliishi Indonesia miaka kadhaa, kwenye nchi ya michezo ya vivuli, na alichukua pia kutoka bunraku ya Japani, ambako karagosi mmoja huchezeshwa na watu watatu walio peupe mbele ya hadhira. Onyesho lilipofika Broadway Novemba 1997 watu walishangaa. Mwaka uliofuata akawa mwanamke wa kwanza kupewa tuzo ya Tony kwa kuongoza tamthilia ya muziki.

Vinyago vya simba wakubwa havifuniki nyuso. Mufasa na Scar wamevivaa juu ya paji la uso kama taji, na wakitaka kugombana, mtambo mdogo unaoendeshwa kwa kidude kilichofichwa mkononi unakishusha kinyago mbele, simba anajitokeza. Wakitulia kinarudi juu, mtu anarudi. Cha Mufasa kina uzito wa gramu 300 hivi tu. Ngiri wetu Pumbaa ndiye mwenye mzigo: kilo 20 mwilini mwa mchezaji mmoja, na bado anatakiwa aimbe.

Twiga ni watu waliopanda ngongoti za miguu na za mikono, shingo ndefu imeota juu ya kichwa kama kofia, zaidi ya mita nne kutoka sakafuni. Ukishusha macho kutoka kwenye kichwa cha twiga unakutana na uso wa mtu anayepumua kwa shida.

Na ukame! Hili nalisema haraka kwa sababu ningeweza kulisema mpaka kesho. Kitambaa cha hariri cha buluu, cha duara, kimetandazwa sakafuni: ndiyo maji. Kinaanza kuvutwa polepole kupitia tundu katikati ya jukwaa. Duara linapungua. Linapungua tena. Linakuwa sahani, linakuwa kifungo cha shati, linakwisha. Hakuna aliyesema neno "ukame" na koo langu lilikuwa limekauka.

Makala ya hasira ikafia hapo.

## Lakini kwa nini niliinamisha macho?

Kama kuonekana ndiyo nia, mimi nilikuwa na haya ya nini?

Swali hili lilinifuata kazini, likanifuata jikoni. Nilianza kwa lugha, kama kawaida yangu. Kwa Kiswahili sanamu inayochezeshwa tunaiita karagosi, au kikaragosi, neno tulilopewa na Waturuki, ambao Karagöz wao ni mhusika wa michezo ya vivuli: mchezeshaji mmoja nyuma ya pazia, taa huko huko nyuma, na watu wa mbele wanaona vivuli tu. Na sisi tumelifanyia nini neno hilo? Tumelifanya tusi. Kikaragosi ni mwanasiasa anayesemeshwa na wengine. Tukilitamka, akili inakwenda moja kwa moja kwa aliye nyuma ya pazia, tena kwa nia mbaya: anafanya nini huko, kwa nini amejificha.

Nilijaribu kuishi na jibu hilo siku kadhaa. Kwamba nimelelewa kumshuku aliyefichwa, kwa hiyo nilipomwona nikashtuka. Halikutosha. Mtu anayeshuku hainamishi macho. Anayakodoa.

Halafu nikakumbuka mkono wa mama.

Nilikuwa na miaka kama minane. Mjini, uwanjani, sikukuu ya taifa, ngoma za mikoa zote zimeletwa. Mapiko, wachezaji wa vinyago, walikuwa wameshacheza, watu wakishangilia, na mimi nilitoroka nikazunguka nyuma ya lori lililowaleta. Lipiko, mmoja wao, alikuwa amesimama hapo, mwenzake anamfunga upya kitambaa cha shingoni, na kinyago kimeinuliwa kidogo. Kidogo tu. Mkono wa mama ukatokea sijui wapi, ukanishika utosini, ukanigeuza kichwa chote kuelekea uwanjani.

"Usitazame."

Hakuongeza neno. Mama mwenyewe alizaliwa mjini. Sidhani kama aliwahi kuishi mahali ambapo katazo hilo lilikuwa na nguvu. Alilibeba tu, kama mtu anavyobeba ufunguo wa nyumba iliyokwisha kubomolewa.

Kwa wasioyajua mapiko: ni ngoma ya Wamakonde, pande zote mbili za Ruvuma, inayokwenda sambamba na jando. Kinyago ni cha mti mwepesi, kinavaliwa kichwa kizima kama helmeti, na mchezaji anaona kupitia tundu la mdomo. Mwili wote unafunikwa kwa nguo. Kwa mila, wanawake na wasiopita jandoni hawatakiwi kujua kwamba ndani kuna mtu. Wachewa nao, huko Malawi, Zambia na Msumbiji, wana Gule Wamkulu, ambamo pamoja na wavaa vinyago hutoka wanyama wakubwa waliosukwa, na wanaume wamo ndani yao wakiwabeba. Tembo yumo pia. Tembo wa kusukwa mwenye watu tumboni alikuwepo muda mrefu kabla ya Broadway, ila miguu yake huulizi ni ya nani.

Kwa hiyo nikapata nadharia safi kabisa: wao wanaonyesha, sisi tunaficha. Nikaiandika, aya nne. Nilijipenda sana jioni hiyo.

## Shangazi

Shangazi yangu alikulia Newala. Ana miaka sabini na kitu na sasa anapenda simu za video, ingawa kamera kwa kawaida inaonyesha dari. Nikampigia nimsomee.

Akasikiliza. Nilipofika kwenye mguu wa tembo akaniuliza:

"Sasa haya ya nini, mwanangu?"

"Kwa sababu niliona, shangazi."

"Nani asiyeona?"

Nikanyamaza. Dari nayo ikanyamaza.

Akaanza kunieleza, bila kupandisha sauti, kana kwamba ni habari za bei ya korosho. Kwamba alipokuwa msichana lipiko akiingia kijijini wanawake walikimbia, wakipiga kelele, wengine wakiacha vyungu motoni. Kwamba lipiko mmoja wa mwaka ule alikuwa kaka yake.

"Ulijuaje?"

"Uso kaficha. Mikono kaficha. Sauti hatoi. Mwendo atauficha wapi?"

"Kwa hiyo mlikuwa mnaigiza? Mnajifanya kuogopa?"

Kimya kikawa kirefu, nikadhani mtandao umekatika. Kisha uso wake ukaingia kwenye kamera kwa mara ya kwanza, karibu sana, jicho moja na nusu.

"Wewe hunisikii. Tulikimbia kweli."

Nilifuta zile aya nne usiku huo huo.

Alimjua kaka yake na alimwogopa lipiko, yote mawili kwa pamoja, kwa miguu ile ile inayokimbia. Jambo nililolilipia tiketi London (sawa, rafiki yangu ndiye aliyelipa), shangazi alikuwa analifanya kijijini bila kuambiwa na mwongozaji. Mimi kwa duma niliweza sekunde mbili. Yeye aliweza ngoma nzima, tena mbio.

Sitaki kuyapaka asali, maana najua baadhi yenu mtaanza kunitumia ujumbe kuhusu hekima ya mababu. Siri ile ilikuwa pia fimbo. Ilitumika kuwatisha wanawake na kuwakumbusha nafasi yao, na anayekimbia hakuulizwa kama anapenda kukimbia. Nilimwuliza shangazi hilo pia. Akasema, "Ndiyo," halafu akasema jirani yake amefiwa na mbuzi. Sikusukuma zaidi.

Lakini tofauti niliyoitafuta imehama mahali. Lyceum hawanitaki chochote. Naruhusiwa kuona uzi, fito, jasho, na kazi yote ya kuamini wanaibeba wao: watu wanne ndani ya tembo mmoja mwenye urefu wa mita nne, anayekunjwa mpaka apite kwenye njia isiyozidi upana wa mlango. Mimi nimekaa. Kwenye mapiko, mzigo ulikuwa wa watazamaji. Kinyago bila mtu wa kukikimbia ni mti uliochongwa. Nilipoinamisha macho, nadhani nilikuwa nimejaribu kubeba sehemu yangu ya mzigo kwenye ukumbi ambao haukuwa umenitwisha kitu.

Nadhani. Siku nyingine naona nilishtuka tu kwa sababu mnyama mkubwa alinipita gizani.

## Wa kichwa, wa moyo, wa nyuma

Kuna kundi la vikaragosi la Cape Town, Handspring, lililoanzishwa mwaka 1981, ambalo ndilo lililounda farasi wa ukubwa wa kweli waliotikisa jukwaa la National Theatre hapo hapo London mwaka 2007. Farasi mmoja ana wachezeshaji watatu, na wanaitwa kwa sehemu wanazozishika: wa kichwa, wa moyo, wa nyuma. Kazi ya kwanza ya karagosi, kwa Handspring, ni kupumua. Kabla ya kutembea, kabla ya kulia. Farasi akisimama bila kufanya lolote, kifua lazima kipande na kushuka, na watatu hao lazima wavute pumzi pamoja.

Nimekuwa nikimfikiria huyo wa nyuma. Wa kichwa ana masikio na macho ya kuchezesha; watu wanamtazama yeye. Wa moyo ana pumzi. Wa nyuma ana mkia na anafuata. Akikosea, farasi mzima anachechemea. Akipatia, hakuna anayejua kwamba yupo.

Mimi nilijua kuwa yupo. Nilimwona kwa hatua tatu.

## Kijitabu

Jana shangazi alinipigia mwenyewe. Alikuwa amelifikiria jambo.

"Yule wa mguu wa nyuma. Ni nani?"

Nikamwambia anisubiri. Kijitabu cha onyesho nilikuwa nimekitia kwenye droo, chini ya betri na risiti. Nikafungua kurasa za wachezaji: picha ndogo ndogo, kila mmoja anatabasamu, chini yake mistari michache, alisomea wapi, alishacheza nini. Simba yupo, Nala yupo, Rafiki yupo. Kundi la waimbaji na wachezaji limepangwa kwa alfabeti. Nikapitisha kidole kutoka juu mpaka chini, kisha nikapitisha tena. Mguu haukuandikwa.

"Sijui, shangazi. Hawajasema."

"Hawajasema," alirudia, kama mtu anayeonja chumvi. "Basi alikuwa anatembeaje?"

Nikaanza kueleza, nikasema polepole, nikasema kwa uzito, maneno yakawa hayafai kitu. Nikaiegemeza simu kwenye birika, nikasogeza kiti, nikasimama katikati ya jiko. Nikaweka kisigino kwanza. Nikasubiri. Nikashusha unyayo wote, nikauacha mwili uje nyuma yake.

Nikapiga hatua ya pili. Ya tatu ikanifikisha kwenye friji.

Shangazi alikuwa amesogeza uso kwenye kamera, safari hii wote.

"Rudia," akasema. "Geuka, kisha urudie."